Kimya cha Mwalimu Geofrey

Mtani alivaa miwani ya marehemu, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akaanza kuongoza kwaya kwa mwiko wa ugali.

"Sauti ya pili, mnalia kama mbuzi wa Idi! Rudieni!"

Waombolezaji wakaangua kicheko. Ndivyo alivyokuwa Mwalimu Geofrey, hivyo hivyo, hata lile bega la kushoto lililopanda juu. Na mtani msibani hakasirikiwi, aseme atakalo.

Evance, mtunzi wa nyimbo, alikuwa ameketi mkekani karibu na jeneza, hapo uani kwa marehemu, mtaa wa Mafiga. Alicheka kwa mdomo tu. Tangu apigiwe simu ya msiba, ndani yake palikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Chozi halikuja. Alikuwa akingoja kuongoza ule wimbo wake unaoimbwa kila kanisa. Huenda hapo angelia.

Wimbo wenyewe ulitoka kwa Mwalimu. Enzi zile chuoni, Evance akiwa hana hata viatu vya kubadilisha, Mwalimu alimwita dirishani akamvumia ubeti mmoja. "Chukua, mwanangu. Utie sauti nne, uandike jina lako. Mimi usinitaje." Basi pale katikati palikuwa na kimya. Evance alipotaka kupaziba kwa noti, Mwalimu aliushika mkono wake. "Paache. Hapo ndipo wimbo unapopumua."

Kila alipohojiwa redioni, Evance alisema jambo lile lile: Mwalimu Geofrey alinifundisha kimya.

Mara akatokea mwanamke mzee, mwembamba, kanga kaifunga kibwebwe, miguu ina udongo mwekundu hadi vifundoni. Akagonga jeneza kwa konzi.

"Amka, mwizi wewe! Unalala na wimbo wangu? Si ulisema unauazima tu?"

Watu hoi kwa kicheko. "Leo kapatikana!" mmoja akapiga kelele. Evance akatoa hela ya watani, kama ilivyo ada. Yule mama hakuitazama.

Akaimba. Ubeti wa kwanza uani kote wakamwitikia. Akaingia wa pili, ambao Evance hakuwahi kuusikia. Alipofika pale pa kimya, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akaishusha kwa nguvu kama anayepiga jembe, akaguna, "Hm!" Kisha akaendelea.

Vidole vya Evance vilianza kumwasha.

Maneno, yule mtani wa mwiko, alikuwa ameshuka kwenye kinu anajifuta jasho. Evance akamsogelea.

"Mtani mwenzako huyu ni fundi, bwana. Ubeti wa pili kautunga hapa hapa?"

Maneno akaivua miwani ya marehemu taratibu.

"Mwenzangu? Kaka, yule dada yake Mwalimu, tumbo moja. Kashuka leo asubuhi kutoka Kinole, shambani."

Nyuma yao kwaya ilikuwa imeshasimama, inaungoja mkono wa Evance.