Trekta la Baba Mkwe

Trekta lilianza kulipita lori lililokuwa likilivuta.

"Shemeji, breki!" dereva wa lori alipiga kelele, kichwa nje ya dirisha.

"Ziko wapi?" fundi cherehani alijibu kutoka juu ya trekta, akihangaika na usukani uliokuwa ukizunguka bure kama kifuniko cha sufuria.

Mteremko ulipokwisha, mnyororo ulikaza tena na kila mmoja akarudi kwenye cheo chake: lori mbele, trekta nyuma. Dereva alishuka, akakagua mnyororo, akacheka mpaka akashika magoti.

"Miaka yote hili dude halijasogea. Leo limeamua kushindana!"

"Ukimaliza kucheka, uendeshe. Dada yako anafika saa kumi na moja."

Dereva akaacha kucheka.

Trekta hilo alilitoa baba mkwe siku ya harusi. Alimkabidhi fundi binti yake pamoja na trekta lake, akasema vyote viwili vitunzwe. Binti alikuwa mzima. Trekta lilikuja likivutwa, likaegeshwa mbele ya dirisha la chumba cha kushonea, basi. Kwa miaka kumi na mitano fundi alishona mchana kweupe huku taa inawaka. Kuku walitaga ndani ya injini. Lakini mzee alishafariki, na kila Jumamosi mke wa fundi alichukua kitambaa, akalifuta trekta la baba yake kuanzia puani hadi mkiani, kisha akashusha pumzi ndefu. Mwanaume gani angethubutu kufungua mdomo? Fundi alikishonea kiti cha trekta foronya ya maua, na wageni wakija aliwaambia, "Hii ndiyo fahari ya nyumba yetu."

Wiki hiyo mke alisafiri kwenda kumwangalia dada yake aliyejifungua. Jumatatu fundi alitoka sokoni kununua vitambaa, akakuta chumba chake kimejaa jua. Alilifurahia dakika nzima kabla ya kuelewa limetoka wapi. Majirani, kama kawaida yao, waliona vumbi tu.

"Twende polisi," shemeji yake alisema.

"Ukienda polisi, dada yako atajua kabla hawajapata kalamu. Nitamwambia nini? Kwamba baba yake aliniachia tani mbili za chuma nikashindwa kuzilinda? Ataniacha, na atakuwa na haki. Tulitafute wenyewe."

Walizunguka siku tatu kwa wauza vyuma chakavu. Alhamisi, katika ua wa nne, fundi aliona maua yake. Foronya ile ile, mshono wake mwenyewe. Alilikumbatia tairi, akaona haya, akaliachia.

Mwenye ua alikuwa amekalia ndoo, anamenya chungwa. "Mnalitaka? Limechoka hilo, nawaambia ukweli."

"Ni la wizi, mzee," dereva alisema.

"Chunga mdomo, kijana. Hapa haliingii la wizi. Aliyenipa ni mtu mzima na adabu zake. Alinishukuru mara tatu."

"Wezi wa siku hizi," fundi alimnong'oneza shemeji yake. "Wanakuibia huku wanashukuru."

"Na ni nani huyo, mzee?" dereva aliuliza.

"Niliahidi kutosema." Mzee akatema mbegu, akataja bei.

Fundi alishika kifua. Zilikuwa ndizo hela za cherehani mpya, zote. "Mzee wangu, hiyo ni bei ya trekta linalotembea!"

"Linalotembea lingeshaondoka. Hili limekusubiri."

Fundi akalipa.

Sasa walikuwa wamebakiza kilomita tatu kufika nyumbani, na simu ikaita mfukoni mwa fundi. Mkewe, ndani ya basi.

"Mume wangu, nyumbani kwema?"

"Kwema kabisa!"

"Hakuna... kilichopungua?"

Fundi aliishika simu kwa mikono miwili, usukani akamwachia Mungu. "Hata sindano! Kila kitu kipo pale pale ulipokiacha."

Upande wa pili mke alishusha pumzi ndefu.

"Aa," mke alisema. "Haya."

"Ameshtuka!" fundi alilipigia kelele lori. "Kanyaga mafuta!"

Saa kumi na nusu walilisukuma mahali pake, majirani sita wakisaidia na kumi wakishauri. Fundi alitoa utepe wa kupimia viuno, akapima kutoka ukutani, akaamuru lirudishwe nyuma inchi mbili. Dereva alimshika kuku mmoja, akamrudisha ndani ya injini huku kuku akipinga. Chumba cha kushonea kikawa giza totoro, na fundi akashukuru.

Mke alifika na begi lake. Alisimama langoni, akalitazama trekta kwa muda mrefu. Machozi yakamlengalenga.

"Umeona?" fundi alisema, jasho likimtiririka. "Halijasogea hata inchi moja. Baba huko aliko amelala kwa amani."

"Asante, mume wangu," mke alijibu taratibu. "Najua unavyolipenda."

Fundi alibeba begi, akaingia nalo ndani akipiga mluzi. Alipopotea mlangoni tu, mke alimvuta kaka yake nyuma ya lori, akashusha sauti.

"Yule mzee wa vyuma ni tapeli! Nilimlipa kabisa aje alichukue Jumatatu, shemeji yako akiwa sokoni. Kesho nenda kwake, mwongeze kidogo, umwambie safari hii asikose."