Mtungi wa Bi Mashavu

"Insulini ikiganda imekufa, bibi," muuguzi wa kliniki ya kisukari alisema. "Usiihifadhi tena kwenye friza la bucha. Inataka ubaridi tu."

Bi Mashavu akashika kichwa. Kumbe ndiyo maana mjukuu wake Raya alichomwa sindano kila siku na sukari haikushuka!

Alipofika nyumbani alimwaga maji yote ya mtungi wake, ule ambao hata marehemu mumewe hakuthubutu kuugusa bila ruhusa, akauweka juu ya mchanga mbichi, akaitia ndani chupa mpya ya dawa.

Jirani akaingia na kikombe, kama kawaida yake. "Naomba maji ya mtungini, shoga."

"Kanywe ya bomba," Bi Mashavu alimjibu. "Mtungi umepata mwenyewe."

Raya alicheka, akapandisha gauni hadi pajani, akanyoosha mkono kudai sindano yake.