Gitaa la Bei ya Mbuzi

Mwalimu Thuku alitaka kadi iandikwe pale pale karakanani, mbele ya macho yake, na yeye mwenyewe ndiye atakayeitia posta.

"Muombe huyo Jedida aje Jumamosi saa tisa," alisema. "Nikimsikia akipiga, naagiza magitaa sita ya bendi ya shule. Nisipomsikia, nakwenda Mombasa."

Fundi Stambuli alishika kalamu. Aliandika jina la Jedida, nambari ya sanduku la posta, Watamu, na maneno mawili matatu ya kumwita. Thuku akaichukua kadi, akaondoka nayo.

Jina hilo mwalimu alilipata redioni, kama watu wote. Kila Alhamisi alasiri, katika kipindi cha salamu, mtangazaji alisoma: Jedida wa Watamu, Nahashon wa Gede, Mwambire wa Marafa, wanafunzi, wanamsalimu fundi Stambuli wa Malindi aliyewatengenezea magitaa ya umeme, shingo hazijapinda, sauti ni ile ile. Mtaa mzima ulisikia. Zubeir, mshonaji wa mlango wa pili, alimtania kwamba wanafunzi wake wampenda kwa mbali kama watu wapendavyo mwezi, mbona hapana hata mmoja ajaye kumwamkia. Stambuli alijibu kuwa wana masomo.

Ukimwondoa Zubeir, hapana mwingine aliyelitaja jina lake. Tangu Kulthum, mkewe, kufariki, jua liliweza kuchomoza na kuchwa asiambiwe hata sabalkheri.

Lakini kazi yake ilikuwa safi, na alijua. Gitaa la dukani Mombasa lilikuwa bei ya ng'ombe. Lake, bei ya mbuzi. Kiwiliwili alikichonga kwa mbao za milango mikuukuu ya mvule, kipande kizima kisicho na uwazi, kwa sababu unyevu wa pwani hufumua gundi ya magitaa yenye matumbo. Shingo aliifupisha, vidole vya mwanafunzi visihangaike. Sumaku alizitoa kwenye spika mbovu, akazizungushia waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko elfu sita, kwa gurudumu la cherehani ya marehemu. Kitufe kimoja tu, cha sauti. Urembo aliwaachia wenye ng'ombe.

Kabla ya Jumamosi alikwenda posta mara mbili, akasimama mbele ya lile sanduku jekundu kama mtu awezaye kuidai kadi iliyokwisha kumezwa, kisha akarudi.

Jumamosi Thuku alifika mapema, akaketi. Saa tisa ikapita. Zubeir alipunguza mwendo wa cherehani yake ili asikie vizuri. Thuku akatazama saa, akainuka. Stambuli alikuwa amekwisha fungua kinywa kusema la kusema, ndipo msichana mmoja alipoingia, mwembamba, viatu vyeusi vimepigwa rangi vikang'aa.

"Shikamoo, fundi. Mimi Jedida. Nimelifuata gitaa langu, lile nililokuachia unitilie nyuzi mpya."

Akaonyesha la tatu kutoka mlangoni. Saba yalikuwa yametundikwa pale ukutani.

Stambuli akalishusha gitaa, akalipangusa vumbi, akalichomeka kwenye redio yake kubwa ya mbao ili sauti itoke.

Msichana akapiga. Alianza na wimbo wa kanisani, polepole, akitafuta njia. Kisha akaugeuza ukawa wa dansi, hata Zubeir akasahau mguu juu ya pedeli. Stambuli alikuwa amewageuzia mgongo, anapanga misumari iliyokwisha pangwa.

Mwalimu akauliza kama shingo haipindi wakati wa mvua. Msichana akajibu kuwa ameingia nalo masika mawili na halijamwaibisha. Thuku akacheka. Akaandika oda ya magitaa sita, akampa fundi mkono, akaenda zake.

Wakabaki wawili. Stambuli alimkaribisha kiti, akatia kahawa. Kikombe kilikuwa kimoja. Akampa msichana, yeye akakaa mikono mitupu.

"Mwanangu," akauliza, kwa sauti ya chini Zubeir asisikie, "wewe ni nani?"

"Naitwa Mbeyu. Nafanya kazi posta, chumba cha nyuma. Kadi yako ya Watamu ilikwama mezani kwangu, sanduku hilo halipo." Akanywa funda moja. "Na zile za salamu, kila Jumatatu mimi ndiye nizigongaye muhuri, zote, hata zile unazoziandika kwa mkono wa kushoto."