Taa ya Njano

Lugodisha hakuwa na gereji wala fundi wa kumwamini, na zaidi ya yote hakuwa na ruhusa ya kuzungumza ana kwa ana na mama mkwe wake. Kwa desturi yao, walipokutana njiani kila mmoja alitazama pembeni. Na mama mkwe huyo ndiye aliyetaka kununua gari lake kuukuu, apelekee maziwa mjini.

Alichomeka kipimo cha bei rahisi kwenye tundu chini ya usukani. Kikaonyesha kwamba silinda ya tatu inamisi, yaani haichomi mafuta sawasawa. Akabonyeza pa kufuta, na taa ya njano ya injini ikazimika.

"Kumbe umeliponya!" mkewe Kabula akashangilia dirishani. "Nimpigie mama aje kulichukua?"

"Ngoja. Nimefuta maandishi tu. Ugonjwa bado umo, na taa itawaka tena akiwa njiani na maziwa yake."

"Na bati za nyumba tutanunua kwa pesa gani, baba Nkwabi?"

"Sijui."

"Basi mwambie mwenyewe. Mimi simo."

"Nimwambie kwa mdomo upi?"

Kabula akacheka bila kutaka. "Mwoga wa wakwe wewe!"

Lugodisha aliingia ndani, akamwandikia mama mkwe barua kwamba gari lina kasoro na asilichukue. Akatia gundi bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akamkabidhi kondakta wa basi la kwenda kwa mama mkwe. Kondakta akaichomeka kwenye kioo cha mbele, basi likaondoka.