Kibali cha Nyumba ya Tunu

Kila nyumba iliruhusiwa kutengeneza kitu kimoja tu kilichoharibika katika miaka kumi, na vipya havikuuzwa tena.

Tunu alikuwa na gari kuukuu la marehemu baba yake. Mumewe, Kibwana, alikuwa na mguu wa bandia ulioanza kukwama gotini.

Fundi Lameki alikaa chini ya gari muda mrefu, kisha akatoka akijifuta grisi.

"Mama, bodi imeoza kwa chini, lakini injini ni nzima. Nikibadilisha gasketi na breki, litaishi zaidi kuliko sisi."

"Kwa hiyo linafaa?"

"Linafaa. Ila kibali ni kimoja."

Tunu akamgeukia mumewe, aliyeketi kibarazani.

"Tengenezeni gari," Kibwana alisema. "Mguu utanifikisha dukani tu. Gari hilo ndilo lililotupeleka harusini."

Tunu alingoja moyo umuume, haukuuma. Akabonyeza kidole kwenye skrini ya kibali; ikazimika, kibali kikawa kimetumika.

Gari liliwaka siku ya nne. Goti lilikuwa limeshakwama kabisa, kwa hiyo Tunu alimshika Kibwana kwapani akamketisha kiti cha mbele. Wakauzunguka mji. Waliporudi, alimfungulia mlango.

"Niache humu humu," mumewe alisema. "Kushuka ni taabu."

Akamletea chakula garini, baadaye na shuka.

Asubuhi Kibwana alipiga honi akiomba chai. Tunu aliisikia vizuri, akaendelea kuhamishia nguo zake mwenyewe upande wa kabati uliokuwa wa mumewe.