Nimerudi, Kocha

Ijumaa ile, siku yetu ya mapumziko huko ughaibuni, mjini Lusail, tulihitaji pointi moja tu kushinda mechi ya besiboli. Mrushaji wao alitumia mkono wa kushoto, na wapigaji wetu wote wa mkono wa kushoto walishindwa kuipiga mipira yake.

“Augustine, wewe si ulicheza kriketi Nairobi?” kocha wetu Mganda akaniuliza. “Unapiga kwa kulia. Ingia! Ukipiga, ukimbie mpaka urudi hapa.”

Nikaupiga mpira hadi kwenye mabati ya ujenzi. Nikakimbia na kigongo mkononi, nikagusa kituo cha kwanza, nikageuka kurudi mbio nilikotoka, kama tulivyozoea kwenye kriketi. Wenzangu wakapiga mayowe, wakinionyesha kituo cha pili, kisha cha tatu, nivizunguke vyote. Nikawapungia mkono, nikidhani wananishangilia.

Nikagusa chini kwa kigongo pale nilipoanzia, kama mchezaji wa kriketi, jasho likinichoma macho.

Kocha alikuwa amejishika kichwa.

“Si nimerudi?” nikamuuliza. “Ama niende tena?”