Twiga wa Getini

Siku hizi, katika mbuga ya zamani ya mfalme, wanyama ndio huamua nani aingie na nani atoke: twiga akikuinamia, geti linafunguka. Mimi kila mwaka nilirudishwa pamoja na chapati zangu. Jana alimwinamia binti yangu, Koku, mpaka chini, nasi wazazi tukapita kwa heshima yake.

“Mama Koku, umeiona damu yangu?”

“Damu yako? Wewe hata mbuzi wetu anakukimbia!”

Tulikula kando ya ziwa, pundamilia wamemzunguka mtoto kama walinzi wa ikulu. Kifua kilinijaa.

Jioni twiga alimwinamia mke wangu, kisha, ajabu, hata mimi. Nikatoka nikitamba. Nilipogeuka, twiga alikuwa amesimama wima mbele ya Koku, geti likijifunga, naye mwanangu akitupungia mkono kama malkia.